Shajara ya mradi: Kumtafuta Babu Mkuu kwenye meli za vita za Ziwa Victoria

Februari

Kilichopo mkononi ni picha moja iliyoliwa na mchwa upande wa chini, masimulizi ya Bibi, na ubishi wa familia. Naanza kuandika shajara hii kwa sababu katika ukoo wetu kila kizazi kimeuliza habari za mzee huyu, kikajibiwa, kisha kikaenda kaburini na majibu yake.

Anayetafutwa ni baba yake Bibi. Jina lake sitaliweka hapa, wazee hawajaruhusu. Nitamwita Babu Mkuu. Kwao ni visiwa vya Ssese. Malale ilipochachamaa mwanzoni mwa karne iliyopita, serikali ya Gavana Hesketh Bell, huyo huyo ambaye Port Bell imepewa jina lake, iliwahamisha watu wa visiwani kuja bara ili wakae mbali na mbung'o. Kufikia 1909 Ssese ilikuwa karibu imebaki tupu. Kijana wa kisiwani asiye na kisiwa atafanya nini? Babu Mkuu alikwenda Entebbe, zilikokuwa zikitia nanga meli za kutoka Kisumu. Akaanza kwa kubeba kuni gatini, baadaye akaingia chini kwenye boila, kuchochea moto. Lugha ya kazi melini ilikuwa Kiswahili. Ndivyo Kiswahili kilivyoingia nyumbani kwetu na kugoma kutoka, ingawa hapa Jinja majirani wengi wanaongea Lusoga na Luganda na hutuuliza kama sisi ni watu wa Kenya.

Bibi ni kitinda mimba wake. Ana masimulizi matatu tu kuhusu vita, na huyasimulia kwa maneno yale yale kila mara, jambo linalonipa moyo. La kwanza: usiku mmoja meli zilikwenda bila taa, wakakatazwa hata kuwasha kiberiti, na alfajiri askari wakapanda kilima kama mbuzi. La pili: meli moja ilipanda mwamba upande wa Wajerumani ikaachwa huko, halafu wakarudi kuitoa. La tatu ni la mdogo wake Babu Mkuu, aliyechukuliwa na Kariakoo, wale wapagazi wa jeshi, asirudi tena.

Machi

Ubishi wenyewe sasa. Baba Mkubwa anataka tulitengeneze upya kaburi la mzee, tuweke kibao kipya, na juu yake yaandikwe maneno "Jeshi la Majini la Uingereza". Ameshaongea na fundi. Mimi nimeomba tusubiri.

"Tusubiri nini? Alipigana, hakupigana?"

"Alikuwa melini, Baba Mkubwa. Nataka kujua meli ilikuwa ya nani."

"Ya Mfalme! Ungekuwa wewe ndiye uliyelala chini ungetaka wajukuu wakuombee risiti?"

Watu walicheka, hata mimi. Ila kibao kikishachongwa hakifutiki, na nimeona makaburi mengine hapa mjini yenye vyeo ambavyo marehemu mwenyewe angevishangaa. Nimepewa muda hadi baada ya mavuno.

Hatua ya kwanza ilikuwa rahisi, maana binamu yangu anaishi London na hana kazi Jumamosi. Hifadhi ya Taifa ya Uingereza iko Kew, magharibi mwa jiji. Kuingia ni bure. Unajiandikisha, unapewa kadi ya msomaji, unaagiza faili, na unaruhusiwa kupiga picha kurasa kwa simu yako bila malipo. Katalogi yao unaweza kuipekua ukiwa hapa Jinja, mradi bando lisikate.

Nilijifunza jambo ambalo litamfaa yeyote mwenye babu aliyepigana Vita Kuu ya Kwanza. Kumbukumbu za askari wa nchi kavu wa Uingereza ziliungua kwa sehemu kubwa Septemba 1940, ghala lao lilipopigwa mabomu na ndege za Wajerumani. Za mabaharia zilisalimika. Ziko katika kundi la ADM 188, ambalo lina wale wa vyeo vya chini walioandikishwa hadi 1923, na kila mtu ana namba. Kwa waliojiunga kuanzia 1908 namba inatanguliwa na herufi inayotaja kazi: J ni mabaharia wa sitahani, K ni wachochea moto. Maofisa wako kando, ADM 196. Orodha za medali ni ADM 171.

Nilipoona K ni wachochea moto, nikasema mambo yamekwisha. Binamu alipekua tahajia zote tulizoweza kufikiria, pamoja na zile za karani anayesikia jina la Kiganda kwa mara ya kwanza na ana haraka ya kwenda kula. Hakuna kitu. Si mmoja anayekaribia.

Machi, mwishoni

Nimekaa na jambo hili wiki nzima, na sasa nadhani naelewa kwa nini hayumo. Hakuandikishwa na jeshi la majini. Aliajiriwa na reli.

Hapa inabidi kurudi nyuma kidogo. Reli ya Uganda ilifika ziwani mwezi Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, leo Kisumu. Wakati huo Kisumu ilikuwa ndani ya Uganda. Miezi michache baadaye, Aprili 1902, jimbo lote la mashariki likahamishiwa himaya ya Afrika Mashariki, ambayo sasa ni Kenya. Kwa hiyo Reli ya Uganda ikawa na jina la Uganda huku makao yake yakiwa Nairobi, na treni haikufika Kampala hadi 1931. Katikati ya hapo aliyetaka kuja Uganda alishuka Kisumu akapanda meli, na meli zilikuwa mali ya reli hiyo hiyo: William Mackinnon ndogo ya mwanzo kabisa, kisha Winifred, Sybil, Clement Hill, Nyanza, na mwishoni Usoga na Rusinga. Ziliundwa Uingereza, zikafunguliwa vipande vipande, zikaletwa kwa bahari hadi Mombasa, kwa treni hadi Kisumu, zikaunganishwa tena hapo ufukweni.

Vita vilipozuka Agosti 1914 ziwa liligawanyika katikati. Kusini ni Wajerumani, wenye Mwanza na Bukoba. Kaskazini ni Waingereza. Meli za abiria na pamba zikabandikwa mizinga, zikapewa herufi HMS mbele ya jina, alama ya meli za kivita za Uingereza, na maofisa wa jeshi la majini wakapanda juu. Chini kwenye boila moto ulichochewa na watu wale wale wa jana. Meli ilibadilishwa jina, mtu wa chini hakuandikishwa upya popote. Haya ya mwisho ni makisio yangu, lakini yanaendana na ukimya wa ADM 188.

Nimenunua kalamu za rangi tatu. Bluu kwa lililoandikwa kwenye karatasi ya wakati ule, kijani kwa linaloelekea kuwa kweli, nyekundu kwa lililosimuliwa tu. Kwa sasa ukurasa wa Babu Mkuu ni mwekundu mtupu.

Aprili, baada ya Idi

Picha. Mpwa wangu anafanya kazi kwenye duka la kuchapisha vitambulisho pale Main Street, akaiskani kwa ubora wa juu kabisa ambao mashine yao inaweza, usiku, bosi akiwa ameondoka.

Ni wanaume wamesimama sitahani, safu mbili, jua kali usoni. Watu weupe wawili wameketi kwenye viti. Babu Mkuu ni wa tatu kutoka kulia nyuma. Bibi anamtambua kwa sikio lake la kushoto lililokunjamana juu, sikio ambalo Baba Mkubwa analo, na mimi ninalo. Amevaa fulana isiyo na mikono na kitambaa shingoni. Wengine wote wanaangalia kamera, yeye anaangalia pembeni, kama mtu anayesikiliza mashine chini imebadili sauti.

Nyuma yao limetundikwa boya la kujiokolea. Mkono wa jamaa mmoja umeziba mwanzo wa maandishi. Kwa jicho tupu huoni kitu, doa tu. Kwenye kompyuta, mpwa alipopunguza mwanga, zikajitokeza herufi nne za mwisho: FRED.

Katika meli zote za ziwa hili ni moja tu inayoishia hivyo. Winifred.

Nimeandika kwa bluu mara ya kwanza. Nimeandika kidogo tu: alisimama kwenye sitaha ya Winifred siku picha ilipopigwa. Siku gani, sijui. Hakuna mzinga unaoonekana, kwa hiyo huenda ni kabla ya vita au baada yake. Au mzinga uko upande wa pili wa mpiga picha. Baba Mkubwa ameshasema mzinga uko upande wa pili.

Mei

Kampala. Nyaraka za serikali ya kikoloni, ambazo kwa miaka mingi zilikuwa zimefungiwa Entebbe, sasa ziko katika Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu na Nyaraka, Wandegeya. Nilipanda taksi ya alfajiri nikiwa na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kitambulisho, na chapati mbili. Chapati zilibaki mlangoni.

Wahudumu wa chumba cha kusomea ni watu wema na wavumilivu. Nilichoomba ni majalada ya Sekretarieti ya miaka ya vita. Karatasi bado zimeshikwa na pini zilizopata kutu, na kutu hiyo imetoboa tundu dogo la kahawia kupitia kurasa zote, kwa hiyo hata ukizitawanya unaweza kuzipanga upya kwa kufuata tundu. Pembeni maofisa wameandikiana kwa wino, mmoja anauliza, mwingine anajibu neno moja na kuweka saini ya herufi mbili. Nusu ya utawala wa nchi ulifanyika kwenye pambizo.

Lakini vita vya ziwani vinapita mbali. Kuna malale, kodi, barabara, wapagazi, wapagazi tena, chakula cha wapagazi. Meli zinatajwa zinapochelewa. Jambo hilo lenyewe ni jibu: Entebbe hawakuwa waajiri, walikuwa wateja. Mwenye meli alikaa Nairobi.

Siku hiyo hiyo nilipita Kamwokya, kwenye maktaba ya Uganda Society ndani ya jengo la Makumbusho. Wana matoleo ya Uganda Journal tangu lilipoanza 1934. Ni mahali pazuri kwa mtu anayependa ramani za zamani, na nilijiambia nitarudi kwa raha zangu, si kwa kazi hii.

Juni

Nairobi, kwa basi la usiku kupitia Busia. Safari yenyewe sina la kusema juu yake, isipokuwa kwamba anayebuni viti vya mabasi hana magoti.

Hifadhi ya Taifa ya Kenya iko katikati ya mji, Moi Avenue, katika jengo lililowahi kuwa benki. Makumbusho ya Reli iko umbali wa kutembea kwa miguu, karibu na stesheni. Nilianza na makumbusho kwa sababu nilitaka kuona jinsi reli ilivyojikumbuka yenyewe, na ilijikumbuka kwa mainjini na wakubwa wake. Nilisimama mbele ya picha za meli za ziwani muda mrefu kuliko mtu wa kawaida. Mlinzi akaja kuuliza kama naumwa.

Kuhusu karatasi za wafanyakazi: mtu mmoja mzee, mstaafu wa reli, alinieleza vizuri kuliko katalogi. Reli hii imebadilishwa mwili mara nyingi. Ilikuwa Uganda Railway, ikawa ya Kenya na Uganda, mwaka 1948 ikaunganishwa na ya Tanganyika ikawa ya Afrika Mashariki, kisha 1977 Jumuiya ikavunjika na kila nchi ikachukua lake. Kila mara shirika linapohama, alisema, husafirisha kwanza madeni, pili samani, na karatasi za vibarua hupewa wauza karanga wafungie. Sijui kama alitania. Karani wa Kizungu wa 1914 utampata, na hata mshahara wake. Mchochea moto aliandikwa kwa namba kwenye orodha ya malipo ya mwezi, na orodha ya malipo haikuwa karatasi ya kutunzwa, kwa sababu ikishalipwa imekwisha kazi yake.

Ofisi moja, sitaitaja, ilinizungusha kutwa. Dirisha la kwanza wakanituma la pili, la pili likanirudisha la kwanza, na la kwanza lilikuwa limefungwa kwa chakula cha mchana hadi kesho yake. Nikarudi Jinja.

Lakini sikurudi mtupu. Nilirudi na uamuzi wa kuacha kumtafuta mtu na kuanza kutafuta meli. Mtu hana faili. Meli inayo: ilipotoka, ilipofika, iliyembeba, iliyemrushia mzinga. Nikijua Winifred ilikuwa wapi siku fulani, na Bibi akisema baba yake aliona kitu fulani, naweza kuviweka viwili hivyo bega kwa bega.

Julai

Mwezi huu ndio wenye nyama.

Binamu amekuwa akipiga picha kurasa za shajara za vita, kundi la WO 95 pale Kew. Hizo ni shajara za vikosi vya nchi kavu, lakini askari waliovuka ziwa walivuka kwa meli zetu, kwa hiyo ziwa limo. Mengi yameandikwa kwa penseli, na penseli ya mwaka 1915 kwenye skrini ya simu inahitaji imani. ADM 137, kundi la karatasi za jeshi la majini za vita vile, bado hatujalimaliza.

Nimetengeneza jedwali la Winifred. Septemba 1914: Wajerumani wameingia Kisii, Winifred inapeleka askari Karungu, inakutana na Muansa, boti ya Kijerumani ya kuvuta matishari iliyokuwa na mzinga mdogo. Winifred haikuwa na kitu. Ikageuza. Kisha ikarudi pamoja na chombo kingine cha Waingereza, Kavirondo, safari hii zikiwa na silaha, na Muansa ikaondoka. Novemba 1914: si Winifred bali Sybil, inapanda mwamba karibu na Majita, pwani ya Wajerumani, inaachwa hapo, na inakuja kunasuliwa Mei 1915. Machi 1915: Winifred inaifukuza Muansa hadi inakwama ufukweni, ingawa Wajerumani waliiokoa baadaye. Juni 1915: Bukoba.

Simulizi la pili la Bibi, meli ya mwambani, ni Sybil bila shaka. Meli moja, mwamba mmoja, upande wa Wajerumani, ikarudiwa. Je, Babu Mkuu alikuwepo? Sioni ushahidi. Wachochea moto walikaa gati moja, walikula pamoja, na kisa kizuri cha meli moja kilikuwa kisa cha meli zote kabla ya wiki kuisha. Nimeandika tukio kwa bluu na kuwepo kwake kwa nyekundu. Bibi aliposikia hivyo alininyamazia, kisha akasema, "Wewe ni kama karani wa mahakama."

Simulizi la kwanza ni jambo jingine. Bukoba ilikuwa na mnara wa simu ya upepo, na Waingereza waliutaka uanguke. Kikosi cha Jenerali Stewart kilipakiwa Kisumu kwenye Usoga, Rusinga, Nyanza, Winifred na vyombo vidogo. Walikuwemo King's African Rifles, Loyal North Lancashire, na kile kikosi cha ajabu cha 25 Royal Fusiliers kilichojaa wawindaji na wazururaji. Mmoja wao, Frederick Selous, alikuwa na miaka 63. Alfajiri ya tarehe 22 Juni walishushwa kaskazini mwa mji, chini ya kilima chenye mwinuko mkali, wakakipanda. Mapigano yaliendelea hadi kesho yake, mji ukatekwa, mnara ukalipuliwa, nyumba zikaporwa, nao wakapanda meli wakarudi.

Askari kupanda kilima kama mbuzi, alfajiri. Nilikwenda kwa Bibi bila kumwambia nilichosoma, maana ukimwonyesha mzee jibu, atakukubalia kwa adabu.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Umekuja na kalamu zako?"

Nikamwomba anisimulie tena usiku wa bila taa. Akasimulia, maneno yale yale. Nikamuuliza kulikuwa na baridi, mvua, mbalamwezi? Hajui. Chakula je? Hapo akasimama kidogo.

"Wenzake walikuwa hawali mchana. Serengi, msimamizi wao melini, alikuwa anawagombeza, kazi ya moto na njaa haviendi. Wakamwambia wanalipa saumu, Ramadhani inakaribia, deni haliingii nalo mwezi mpya. Baba alikuwa bado hajasilimu, akawa anakula peke yake, anaona haya."

Sijawahi kumsikia akisema hivyo, na hakuna aliyewahi kumuuliza walikula nini. Nilirudi nyumbani nikafungua kalenda ya Hijria. Tarehe 22 Juni 1915 inaangukia Shaaban ya mwaka 1333. Ramadhani ilianza katikati ya Julai. Shaaban ndio mwezi wa watu kulipa madeni ya saumu.

Nimekaa nikijaribu kuupinga ushahidi huu, maana ni mzuri mno. Shaaban huja kila mwaka. Lakini chukua usiku wa meli nyingi bila taa, alfajiri ya kushusha askari chini ya kilima, na Shaaban, uvitie vyote katika vita hivi kwenye ziwa hili: sijaona siku nyingine inayovipokea vitatu. Kisiwa cha Ukerewe kilichukuliwa na Waingereza Juni 1916, ambapo pia ni Shaaban, na hilo lilinikosesha usingizi. Ila kilima cha mbuzi ni cha Bukoba. Nimeandika kwa kijani, kijani iliyokoza.

Bibi aliongeza jambo moja nilipokuwa naaga. Baba yake alikuwa na kikombe cha bati chenye maua ya buluu ambacho hakuna mtoto aliyeruhusiwa kukinywea. Alisema kilitoka "kwa Mdachi", yaani Mjerumani. Kikombe kilipotea zamani. Baba Mkubwa hataki nikiandike, anasema kitafanya mzee aonekane mwizi. Nimekiandika.

Agosti

Kikao cha familia, Walukuba, chini ya mwembe, pilau imepikwa na shangazi wawili wasioongea kuanzia harusi ya mwaka jana. Nimeweka karatasi zangu mezani na kueleza rangi.

Baba Mkubwa alisikiliza yote. Swali lake lilikuwa moja: "Kwa hiyo hakuwa Jeshi la Majini?"

Nikasema alikuwa mtumishi wa reli kwenye meli ya Jeshi la Majini, vitani. Mzinga wa Wajerumani haukuwa unachagua. Mchochea moto ndiye aliyekaa chini ya mstari wa maji, haoni adui, hasikii ila kengele ya kuongeza au kupunguza mwendo, na boila ikitobolewa yeye ndiye wa kwanza kuungua. Kwa maoni yangu hilo halihitaji kuazimwa cheo.

Shangazi mmoja akasema waandike kazi yake basi. Mwingine, kwa mara ya kwanza siku hiyo, akamuunga mkono. Yakapita maneno haya: jina, "mchochea moto wa meli Winifred, Ziwa Victoria", na mwaka aliofariki. Mwaka wa kuzaliwa tumeuacha kwa sababu hatuujui. Fundi wa mawe hutoza kwa herufi. Baba Mkubwa alipohesabu akagundua tumeokoa pesa, na hapo akakubali kwa moyo mkunjufu.

Kwa wanaoniuliza kama picha ya mzee imefika Makumbusho ya Reli ya hapa Jinja: ndiyo, wana nakala yake sasa.

Septemba

Nilidhani nitafunga jalada. Simulizi la tatu halijakubali.

Mdogo wake Babu Mkuu alikwenda na wapagazi asirudi. Nimepekua hifadhidata ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo ni bure mtandaoni. Hayumo, na sikutarajia awemo. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, waliofia vita hivyo, wengi wao Waafrika Mashariki na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Mchochea moto angalau ana boya nyuma yake pichani. Mpagazi hana hata meli ya kufuata.

Ila wapagazi wa Uganda walikusanywa kupitia machifu, na hapo ndipo yale majalada ya Wandegeya niliyoyapita kwa haraka, wapagazi, wapagazi tena, chakula cha wapagazi, yanageuka kuwa ya kwangu. Nimeomba nafasi ya kurudi. Barua mpya ya LC1 ninayo.

Kuna njia nyingine. Baadhi ya watu wa Ssese walirudi visiwani malale ilipopungua, na tawi moja la ukoo liko Kalangala hadi leo. Nimempata mzee wao kwa simu, kupitia muuza samaki wa Masese anayefahamiana na mwanawe. Nilimsomea majina. Akanyamaza, akakohoa, akaniuliza kama nina majina ya mama zao, maana ya baba zao yamejirudia vizazi vyote na hayatamsaidia mtu. Bibi ana moja. Lingine anasema lipo, amelisahau, litakuja lenyewe akiwa anapika.

Meli ya MV Kalangala inatoka Nakiwogo, gati ya Entebbe, mchana. Naenda likishapatikana.